Vidole vya Pudensiana

Shule yetu ya Kabwela tuliijenga wenyewe, mwaka tisini na sita. Naandika hivyo kwa sababu kwenye kibao kipya wameandika mengine. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kibao naweza kukisoma.

Kila kaya ilifyatua matofali yake, na kabla hayajakauka ikaweka alama, mwenyekiti akipita ajue nani kafanya na nani kalala. Makoye, aliyehamia huku na ng'ombe wake, alichora pembe. Mke wangu Pudensiana alikandamiza vidole vitatu. Cha katikati kilikuwa kifupi, mundu ulikikata akivuna mpunga, kwa hiyo alama yake hakuna aliyeweza kuiiga. Mimi miezi ile nilikuwa machimboni natafuta dhahabu. Kaya yetu ilikuwa yeye.

Serikali ilileta bati na mwalimu mmoja, ikaondoka. Pudensiana alifariki miaka sita iliyopita. Zahanati ilikuwa kwenye mpango. Bado ipo kwenye mpango.

Mwaka jana wakubwa wakaamua shule tatu ziwe moja, kule Ilebelo, barabarani. Walisema watoto wetu wachache na walimu hawatoshi. Nani aliyetunyima walimu, hilo halikusemwa. Kabwela ikabomolewa, na matofali yakaamriwa yaende Ilebelo kujengea vyoo.

Nikaenda kwa mtendaji wa kata, Danford.

"Ya mke wangu yasiende chooni," nikamwambia. "Picha yake sina. Kaburi lake ni udongo, kila masika linalala. Vidole vyake viko kwenye yale matofali tu."

"Mzee wangu, tofali ni tofali."

"Basi lete ya nyumbani kwako tujengee choo."

Akacheka, lakini nilikaa pale mlangoni mpaka akachoka kunitazama. Akaandika karatasi: matofali yenye vidole yaende darasani.

Siku tatu niliyachambua peke yangu, moja moja. Makoye akayabeba kwa mkokoteni wake.

"Baba Scola, huyu mama alifanya kazi," akasema njiani. "Yangu hayafiki nusu ya haya."

"Wewe ulikuwa unachunga."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Ng'ombe wake wanatembea polepole sana.

Ilebelo tukamkuta fundi Nashon. Alisoma karatasi, akaanza kupanga matofali upande wa darasa. Nikamwambia ayageuze vidole vitazame nje.

"Nigeuze ya nini, mzee? Darasa linapigwa plasta ndani na nje, halafu rangi. Hakuna kitakachoonekana."

"Nani kasema?"

"Ramani ya wakubwa."

Nikakaa juu ya matofali. Makoye akawafungua ng'ombe wake wakale majani.

"Na vyoo je?" nikauliza.

"Vyoo plasta ni ndani tu. Nje yanabaki hivyo hivyo, saruji haitoshi."

"Basi yapeleke chooni."

Nashon akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi. "Lakini hapa imeandikwa darasani."

"Nimeiomba mimi, naifuta mimi."

"Nyie wazee!" Makoye akacheka mpaka akashika gurudumu. "Siku tatu unachambua mama asiende chooni, sasa unampeleka mwenyewe!"

"Shusha matofali, Makoye."

Akashusha. Nashon alijenga, na kila tofali lenye alama nililigeuza mwenyewe kabla halijawekwa.

Siku ya kufungua shule, wageni walikaa chini ya turubai. Danford akasoma historia iliyoandikwa kwenye kibao kipya: shule imejengwa na serikali kwa kushirikiana na wananchi. Wananchi wakapiga makofi. Mimi nikazunguka nyuma.

Nilikuwa bado sijafika ukutani mwalimu mmoja wa kike akanikimbilia.

"Babu, huku ni vyoo vya wasichana! Vya wanaume viko kule."

Hilo sikuwa nimeliuliza. Nashon hakuniambia, na karatasi ya mtendaji haikusema.

"Nimeona," nikamwambia.

Nikasimama pale pale aliponizuia, hatua kama saba kutoka ukutani. Macho yangu si mazuri sana, lakini jua lilikuwa limeupiga ukuta, na kidole kifupi kilionekana. Mwalimu alikuwa ananisubiri niondoke. Nikaondoka.