Sahani Hairudi Tupu

Kijiji kizima cha Kiwangwa kilijua kuwa siku ile laini ya zamani inazimwa. Nguzo za miti, zilizoliwa na mchwa hadi zikainama, zilikuwa zimepisha nguzo za zege, na transfoma mpya ilikuwa imewekwa ili nyaya ziweze kupokea umeme wa jua kutoka kwenye mapaa ya watu. Kila nyumba ilihamishiwa laini mpya isipokuwa ya Kibibi. Kwake fundi Shamsudin alikuja na ngazi, kukata waya na kung'oa mita.

"Shikamoo, bibi."

Kibibi hakuitikia. Aliikalia ngazi iliyolazwa chini, akajitanda kanga yake vizuri, liwalo na liwe. Tanuri la kukaushia mananasi, lake na wanawake wenzake kumi, mchana linakula umeme wa jua wa paani kwake na kubakiza, lakini usiku linategemea laini. Likizima usiku mmoja tu, vipande vinaota ukungu.

"Ni barua yako mwenyewe, bibi," alisema Shamsudin. "'Naomba kurudisha umeme.' Aliyerudisha umeme, mita ya nini?"

"Umeisoma?"

"Hapana, ofisini wamenipa orodha tu, ndivyo ilivyoandikwa."

"Sahani ya jirani ikikujia na pilau, kwenu mnairudishaje?"

Shamsudin alijikuna shingo. "Na chochote. Hairudi tupu."

"Basi mimi usiku nakula kwenu, mchana nawarudishia. Tangu lini anayerudisha sahani akawa amevunja ujirani? Watu wazima na kalamu zao, hata hilo hawalijui."

"Shikamoo, bibi," alirudia, safari hii kwa kuomba.

Kijana aliyelelewa pwani haendi popote na shikamoo isiyoitikiwa. Alishika ncha ya ngazi, akaiachia.

Akampigia simu mhandisi wa ofisini kwao, akamwomba aitafute ile barua aisome yote. Mstari wa pili ulisema: *mchana, na usiku niendelee kuuchukua.* Wasomi wa ofisini walikuwa wameishia wa kwanza.

Ndipo Kibibi alipoinuka. Kufika adhuhuri waya wake ulikuwa umefungwa kwenye nguzo ya zege, na mita mpya ikaonyesha mshale unaotoka nje.

"Umeme wako unakwenda, bibi," alisema Shamsudin. "Kwa majirani."

Kibibi aliutazama ule mshale mpaka akaridhika.

"Marahaba," alisema.