Kilomita Elfu Ishirini na Tano

Gari lilifika kutoka Lubumbashi likiwa jeupe pe, viti bado vimefunikwa nailoni, na funguo akapewa Godefroid. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Ishirini na saba kati ya hiyo alikuwa ameipitisha kwenye usukani: kwanza malori ya shaba, kisha basi lililobeba wafanyakazi wa Kapata, na sasa ambulansi ya kituo cha afya cha upande wa Nzilo, mahali ambapo mama akizidiwa na uchungu hana njia nyingine ya kufika hospitali ya Kolwezi.

Wafadhili waliolitoa gari walikuwa ng'ambo. Walituma pamoja nalo kitabu kinene cha Kifaransa na fundi mwenye kompyuta, ambaye alikaa nusu siku akimfundisha Godefroid vitufe. Mwishoni fundi akamwinamisha chini ya gari, akamwonyesha alama ya rangi nyekundu juu ya kizibo cha kumwagia mafuta, chini ya injini.

"Hii ni muhuri," alisema. "Vidange, kubadilisha mafuta, inafanywa na sisi tu, Lubumbashi. Kila kilomita elfu ishirini na tano. Gari lenyewe litakuambia kwenye kioo. Mtu mwingine akifungua hapa, garantie, ile dhamana ya gari, imekufa."

Godefroid alidhani masikio yamemdanganya. Tangu ujana wake alizoea kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya kila kilomita elfu tano, na wakati wa kiangazi, vumbi linapokuwa jekundu mpaka kwenye meno, hata kabla ya hapo. Alirudia ile hesabu kwa sauti ndogo. Fundi akacheka kwa upole, akasema mafuta ya siku hizi si yale ya zamani, na injini za siku hizi pia si zile. Akapanda basi lake, akarudi alikotoka.

Miezi ya kwanza gari lilikwenda kama mtumbwi kwenye maji yaliyotulia. Godefroid alilipenda, na hakuona haya kusema hivyo. Lakini kila Jumamosi, injini ikiwa imepoa, alivuta jauge, kile kijiti cha kupimia mafuta, akachukua tone moja na kulisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Mafuta yana lugha yake. Mapya huteleza bila neno. Yaliyochoka huwa mepesi na yananuka moshi. Yaliyokufa yana chembechembe, kama unga uliosagwa vibaya.

Kwenye kilomita elfu sita alianza kuzisikia zile chembe. Kwenye elfu nane aliugeuza mfuniko wa kutilia mafuta juu chini akaona utando mweusi umeshika ndani yake. Kioo cha gari kiliandika: mafuta mazuri, bado kilomita elfu kumi na saba.

Alikwenda kwa Lucien, msimamizi wa kituo, mtu mwembamba wa kanisa, asiyependa ugomvi.

"Tata Lucien, hii vumbi ya kwetu haiko kama ya kule banatengeneza magari," Godefroid alisema. "Malori ya mine inapita siku mzima. Mazutu, hii dizeli yenyewe, tunaijua, ile ya kuchanganya. Na kila siku mi niko nasimama saa mbili, saa tatu, motere inazunguka ili mashine ya oksijeni ipate umeme. Zile saa zote, compteur haihesabu hata kilomita moja."

Lucien alisikiliza mpaka mwisho. "Mi nakuamini, tata," alisema. "Lakini mi si fundi, na wewe si fundi wao. Tukivunja ile muhuri, siku motere ikiharibika watasema ni sisi."

"Na tusipovunja, itaharibika."

"Kitabu kinasema nini?"

Godefroid alikichukua kitabu nyumbani. Jioni tatu alikisoma, miwani puani, kidole chini ya mstari. Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, akaupata: penye vumbi jingi, au injini inapozunguka muda mrefu gari likiwa limesimama, muda wa kubadilisha mafuta upunguzwe nusu au zaidi, kwa kibali cha fundi aliyeidhinishwa. Alifurahi mno hata akamsomea mke wake mara mbili. Asubuhi alimpelekea Lucien ukurasa ukiwa umekunjwa pembe. Lucien naye akafurahi. Siku hiyohiyo akaandika barua kwa wafadhili, akaupiga picha ule ukurasa, akatuma.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Walishukuru kwa barua. Walisema imepelekwa kwa idara ya ufundi.

Baada ya hapo, kimya. Lucien aliandika tena, kisha tena. Kila mara walimshukuru.

Kwenye kilomita elfu kumi na moja, Godefroid alilipeleka gari kwa Kalumba, fundi wa Kapata ambaye alikuwa amefungua injini za kampuni ya madini tangu enzi za baba zao. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Kalumba hakuuliza mengi. Alilisogeza gari juu ya shimo lake, akashuka chini na ufunguo, na beseni ameliweka tayari.

"Mafuta nzuri iko pale, bidon mbili," alisema kutoka chini. "Filtre ya mafuta pia nimepata. Mi nafungua."

Godefroid aliinama. Aliona ufunguo umeshika kizibo na ile rangi nyekundu ikiwa nzima, kavu, kama kidonda kilichopona. Akafikiria barua ya kufukuzwa kazi. Akafikiria pia kitu kingine kilichomwogopesha zaidi: kwamba wafadhili wangelichukua gari lao, na mama wa Nzilo wangerudi kubebwa kwenye pikipiki, kama kabla ya gari kuja.

"Ngoja," alisema.

"Nangoja nini?"

"Jibu itakuja wiki hii. Tungoje jibu."

Kalumba akautoa ufunguo, akapanda, akajifuta mikono kwa kitambaa. "Gari ni yako, Godé," alisema. Lakini wote wawili walijua si lake.

Jibu halikuja wiki ile wala mwezi ule. Godefroid alifanya alichoweza. Mafuta yalipopungua aliongeza, maana kuongeza hakukukatazwa. Chujio la hewa alilipuliza kila jioni. Aliendesha taratibu, alizima injini kila alipopata nafasi, mpaka Bilonda, muuguzi mzalishaji wa kituo, akamwambia analitunza lile gari kuliko mwanamke mwenye mimba. Alikuwa kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji huku amefungiwa kabati la dawa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nane, saa nane mchana. Compteur ilisoma elfu kumi na saba na mia nne. Ndani kulikuwa na Jémima, mwanamke wa miaka ishirini na mbili, mimba yake ya kwanza, na mtoto amelala vibaya tumboni. Bilonda alikuwa ameketi pembeni yake, na mume, Ariel, amejikunja karibu na mlango akishika mfuko wa nguo za mtoto. Hospitali ilikuwa imepigiwa simu. Daktari wa upasuaji alikuwa anangoja.

Walikuwa wamebakiza kilomita kumi na nne, kwenye mlima, nyuma ya lori la madini, taa nyekundu ilipowaka. Godefroid hakuhitaji kuisoma. Alikuwa ameshasikia: tak, tak, tak, chini kabisa ya injini, kama mtu anayegonga mlango akijua kuna watu ndani. Aliondoa mguu. Alijua kwamba akizima pale mlimani huenda injini isiwake tena, na asipozima itajiua yenyewe. Kabla hajachagua, ikachagua. Sauti moja ya chuma kukamata chuma, na usukani ukawa mzito kama jiwe.

Alivuta breki, akashuka, akafungua boneti. Alivuta jauge. Mafuta yalikuwepo, mpaka kwenye alama, ila yalikuwa meusi na mazito kama lami, na pampu haikuweza kuyanyonya. Injini ilikuwa imekufa kwa kiu huku maji yamejaa mtungini.

"Tata Godefroid," Bilonda aliita kwa dirisha, bila kupandisha sauti. "Tunaenda?"

"Haiwezi, mama."

Alipiga simu kituoni, Lucien akasema hakuna gari jingine. Alipiga hospitali, wakasema ambulansi yao iko njia ya Likasi. Akasimama katikati ya barabara na kunyoosha mikono yote miwili. Malori ya madini yalipunguza mwendo moja baada ya jingine. Madereva walimtazama, wakatazama msalaba mwekundu ubavuni mwa gari. Mmoja alishusha kioo, akaonyesha kamera ndogo iliyofungwa juu ya kichwa chake.

"Papa, nikibeba muntu, kazi imeisha leo," alisema. "Unisamehe."

Godefroid alimwelewa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alimwelewa kabisa.

Ariel alikuwa ametoka na kusimama kando yake. Alinyoosha mikono naye, kwa kumwiga, na wakawa wanaume wawili wanaosimamisha vumbi.

Baada ya karibu saa nzima alisimama mama mmoja mwenye Fuso ya makaa, naye dereva wake hakungoja kuombwa. Walishusha magunia kumi na mbili, wakatandika godoro la ambulansi juu ya mbao, wakampandisha Jémima. Bilonda akapanda, Ariel akapanda. Godefroid aliweka mguu kwenye tairi naye apande, ndipo akakumbuka karatasi ya wafadhili aliyotia sahihi siku alipopewa funguo: dereva haachi gari la mradi barabarani. Akashusha mguu. Alibaki na gari bovu, magunia ya makaa, na yule mama aliyengoja mali yake. Mama akamwuliza kama ana maji. Alikuwa nayo. Wakanywa, wakakaa kwenye ukingo wa barabara wakitazama upande wa mji.

Bilonda alipiga simu jua likikaribia kuzama. Jémima yuko hai, alisema. Walimpasua mara walipofika. Mtoto alikuwa wa kiume, amekamilika kila kitu, vidole na kucha. Hakulia.

Fundi wa kompyuta alirudi kutoka Lubumbashi akalifungua gari siku mbili. Aliandika kwamba injini imekufa kwa uchafu wa mafuta uliosababishwa na mazingira, na kwamba mazingira hayamo ndani ya garantie. Ile rangi nyekundu ilikuwa bado nzima. Aliipiga picha. Wiki sita baadaye ikafika barua ya idara ya ufundi: walikubali, kwa magari yote ya upande huo, vidange ifanywe kila kilomita elfu saba na mia tano, kwa fundi yeyote mwenye ujuzi. Lucien alimpa Godefroid aisome mwenyewe. Aliisoma yote, mpaka salamu za mwisho, akairudisha mezani. Lucien alivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Jumapili iliyofuata Godefroid alikwenda nyumbani kwa Ariel na Jémima. Alikuwa ameogopa kwenda, na mke wake alikuwa amemwambia kwamba woga wake hauwasaidii kitu. Jémima alikuwa ndani amelala. Ariel alitoa kiti nje, akamkaribisha, wakaongea habari za maji na za umeme. Kando ya ukuta palikuwa na pikipiki aliyoanza kubebea watu, maana alikuwa ameacha kuchimba madini Kasulo.

Ariel aliitazama pikipiki muda mrefu. "Tata," alisema, "mafuta ya motere inabadilishaka kila wakati gani?"

Godefroid alimweleza. Alimweleza vizuri, kama yeye mwenyewe alivyowahi kuelezwa: kitabu kinasema hivi, lakini kitabu hakijui njia yetu. Hesabu kilomita, lakini hesabu pia saa za kusimama na vumbi. Chukua tone, sugua na kidole. Ukisikia chembe, usingoje. Ariel alisikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa kila mahali panapostahili.

"Kumbe hata ile ya ambulansi," alisema mwishoni, polepole, "wewe ulikuwa unasuguaka na kidole?"

"Ndiyo."

"Na ulisikia?"

Angeweza kutaja muhuri. Angeweza kutaja barua tatu, ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, idara ya ufundi. Yote yalikuwa kweli.

"Nilisikia," alisema Godefroid.

Ariel hakumtukana wala hakuinuka. Aliangalia chini kati ya miguu yake. Ndani, Jémima alikohoa na kuuliza ni nani amekuja.