Matete ya Uani

Msusi wa mikeka alipanda matete bustanini, nyuma ya jiko, asubuhi moja baada ya kufua. Udongo wa pale haukukauka tena tangu wachimbaji wapitishe bomba la maji chini yake, kingo za mtaro zikaporomoka, na mtaro ukafukiwa haraka haraka. Mumewe alikuwa mmoja wa wachimbaji. Siku hiyo hakurudi kula. Msimamizi wao alisema ametoroka na mwanamke.

"Mwanaume anayelala mapema kuliko kuku, atoroke na nani?" aliuliza mama mkwe.

Matete yalishika vizuri. Yalirefuka hadi kimo cha mume, yakakoma hapo, yakaegemea kushoto kwa sababu ya ile nyonga yake mbovu. Kila jioni yalikohoa kikohozi chake kikavu. Majirani waliyasalimia wakipita.

Mke hakuyakata, ingawa wateja walisubiri mikeka. Alitaka kitu kimoja tu: mumewe atolewe chini, azikwe kama watu. Alichimba kwa jembe, kwa sufuria, kwa kucha. Shimo likajaa maji kabla halijafika magotini. Ilibidi koki kuu ifungwe, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa msimamizi. Akaenda kumwangukia miguuni.

Msimamizi alikuja na viatu vyake vya mpira. Matete yakakohoa, akaitambua sauti.

"Habari za siku nyingi, bwana," akayaambia. Kisha akamgeukia mke. "Sasa shemeji, si ulisema mumeo hajulikani aliko? Huyu hapa kwake. Nichimbe kumtafuta nani?"

"Yuko chini, shemeji. Nakuomba, funga maji siku moja tu."

"Jumatatu aje kazini. Asipokuja, nafasi yake inagombaniwa."

Jumatatu matete hayakwenda. Msimamizi alipita langoni, akasema mume amefutwa kazi kwa utoro, akaenda zake. Maji yaliendelea kupita bombani. Mke aliona hana tena pa kwenda. Akaketi matopeni, akayakumbatia matete, akalia bila kujificha.

Mama mkwe akatoka jikoni na sweta.

"Mwambie aingie ndani, mwanangu. Hapo pana baridi."

"Nimemwambia, mama. Hawezi."

Basi mama mkwe akayavisha matete lile sweta pale pale. Likatosha. Akafunga vifungo vyote hadi shingoni.