Makochi ya Bi Sihaba

Serikali ilipopanga kuwatazama wazee na vijana wa Kaole, ilimtuma Ashrafu, afisa ustawi wa jamii, apite nyumba kwa nyumba na fomu zake. Kaya itakayoonekana haina kitu, mzee wake atatibiwa bure na kijana wake atalipiwa chuo cha ufundi. Bi Sihaba alikuwa mzee, mjukuu wake Hafidha alikuwa kijana, na kitu hawakuwa nacho. Hafidha alikwishapata nafasi ya kusomea umeme. Iliyobaki ilikuwa ada tu.

Sasa sikia akili ya Bi Sihaba, binti wa nahodha. Alipoambiwa mgeni wa serikali anakuja kesho, hakuwaza ada, aliwaza mgeni ataketi wapi. Nyumba ile haikuwahi kumkalisha mgeni juu ya jamvi lililochanika, na hakutaka aibu hiyo ianzie kwake. Akaenda kwa jirani yake Dija, ambaye mwanawe mkubwa yuko Maskati na humtumia fedha kila mwezi, akaazima makochi, zulia, flaski na vikombe vya maua. Dija hakuwa na hiyana, alisaidia hata kubeba. Kuku wa mwisho naye akachinjwa.

"Bibi, wanakuja kutazama shida zetu," Hafidha alimwambia. "Si tuwaache wazione?"

"Funika kombe mwanaharamu apite, mjukuu wangu."

Mwanaharamu mwenyewe hakupita. Aliketi kochini, akala paja, akashukuru, akaandika alichokiona. Kisha akaingia kwa Dija, akamkuta mwenye nyumba ameketi sakafuni katika sebule tupu, akaandika na hayo.

Wiki tatu baadaye majina yakabandikwa ofisi ya kijiji. Dija alikuwemo, yeye na kitinda mimba wake. Bi Sihaba hakuwemo.

Alimfuata Ashrafu ofisini. Kijana alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi.

"Bibi, fomu inauliza kilichomo ndani. Haiulizi kimetoka wapi."

"Kwa hiyo nilikosea kukukirimu?"

Ashrafu aliona haya, akainamia karatasi zake. Alimweleza kwamba malalamiko husikilizwa kwenye mkutano wa kijiji, Jumamosi. Asimame mbele ya watu aseme vitu vile havikuwa vyake. Asiposema, orodha itabaki hivyo miaka mitano.

Jumamosi Bi Sihaba alikwenda na mjukuu wake, aliyekuja na barua ya chuo. Mwenyekiti, Mzee Mrisho, alisoma lalamiko: Bi Sihaba asema makochi ni ya Dija. Hata hajamaliza, Dija alikuwa amesimama.

"Yangu mimi? Astaghfirullahi! Mimi ndiye niliyeyaazima kwake, na yako kwangu mpaka leo kwa sababu mwanangu anaoa."

Nusu ya mkutano ilijua ni uongo. Waliyaona makochi yakienda na waliyaona yakirudi. Lakini kila mmoja alikuwa na lake alilolificha kwenye fomu, basi wote wakatazama vidole vyao vya miguu. Mungu awalipe.

"Bi Sihaba," alisema mwenyekiti, "makochi ni yako au si yako? Jibu lako ndilo tutakaloandika."

Huko nyuma mwanamke mmoja aliguna, akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika: "Binti wa nahodha, hana hata kiti cha kukalia?" Kicheko kikapita, kidogo tu.

Bi Sihaba alikuja pale kusema "si yangu." Alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo njia nzima. Lakini kicheko kile kilimpanda kichwani, na miaka sabini ya kufunika haifunuliwi kwa asubuhi moja. Akajitanda kanga yake vizuri.

"Ni yangu," akasema.

Mwenyekiti akaandika. Dija akaketi bila kumtazama.

Hafidha hakulia. Alikunja barua yake mara nne, akasimama, na kwa adabu zote alizofunzwa na mwanamke yule yule akasema, watu wote wakasikia:

"Basi, bibi, kama ni yako, twende tukayachukue sasa hivi tuyauze, nikasome."