Video Iliyokataa Kufutika

Mzee Nyamai aliingia kwa cyber ya Muthoki, sokoni Kanyangi, kama mtu anayefuata ng'ombe aliyeibwa. Mchana huo kanisa lingemkumbuka marehemu mkewe, Mbithe, na video aliyorekodi hapo jana ingeonyeshwa ukutani mbele ya waumini wote. Alikuwa ameanza vizuri: akamchamba chifu, akamchamba mheshimiwa wa wadi, akaipa haki yake zahanati isiyo na dawa. Alipofika kwa Mbithe mwenyewe, akalia. Tena si kilio cha mwanaume; ni cha beberu aliyenaswa kwenye ua.

"Futa hiyo kitu."

Muthoki alibonyeza. Kompyuta ikakataa, ikasema faili inatumika na programu nyingine.

"Inatumika na nani? Ni hao wa kaunti. Hata machozi yangu wameshikilia."

"Kaunti ipeleke wapi machozi yako, mzee? Jana ulipomaliza kujiangalia, ulifunga video?"

"Nilizima kabisa. Hapo kwa kioo."

"Ulizima kioo tu. Ni kama kufunga macho ukasema mvua imeisha."

Akafungua orodha ya programu zinazoendelea. Video ilikuwa imefunguliwa mara tatu, maana ilipochelewa kuanza, Nyamai aliichapa tena na tena kama punda. Kumbe tangu jana akina Nyamai watatu walikuwa gizani wakilia bila sauti, wakila umeme wa Muthoki. Mzee alitafuta kiongozi wa kulaumu, akakosa.

"Tuzimalize hizi kwanza, ndio ziachilie faili," Muthoki alisema. Akamaliza ya kwanza, na ya pili. Kwa ya tatu mkono ukasita. "Mzee, hapa unapomlilia Mbithe ndipo pekee humtukani mtu."

"Maliza, mama."

Akaimaliza. Akafuta faili, na safari hii ikakubali bila maneno.

Mulinge, mzee wa kanisa, akatokea mlangoni kuchukua flash yenye video.

"Hakuna flash," Nyamai alisema. "Nitaongea kwa mdomo."

"Na ukishindwa?"

"Machozi yakitoka, semeni ni vumbi la barabara. Lami si walikula?"

Akatangulia kutoka, kofia mkononi, na kabla hajafika kwa posho mill ya kusaga mahindi alikuwa ameshaanza kupangusa vumbi machoni.