Hotuba ya Mlangoni

"Umemeza tena!"

Bi Swaumu alilipiga gunia kwa mwiko, vumbi la maharage likatimka mpaka Brighton akapiga chafya.

"Mnaanza sentensi kama majogoo, mkifika mwishoni mnaimeza kama dawa ya minyoo. Yule aliyekaa nyuma kabisa hakulipa kiingilio? Haya, rudia."

Kikundi chake cha maigizo kilifanyia mazoezi ndani ya ghala la maharage, Kasulu mjini, jirani na mashine ya kusaga. Mashine ile wengine waliiona kero, yeye aliipenda. Asiyeweza kusikika mashine ikiunguruma, alisema, asipande jukwaani. Kwenye ukuta wa mbali alibandika harage moja jekundu kwa tonge la ugali, na kila mwanafunzi aliambiwa maneno yaleyale: usiseme na ukumbi, ukumbi hauna masikio. Chagua mtu mmoja, useme naye. Leo mtu wako ni lile harage.

Alifundisha kwa hotuba za zamani, zile ambazo kila aliyesoma shule za huku anazijua. Ile ya mfalme aliyeshindwa vita anaurudisha mkuki. Ile ya kijana anayemkana baba yake barazani. Na iliyozishinda zote, hotuba ya mlangoni, ambayo mke mkubwa anarudi kutoka msiba wa kwao, anakuta kitasa kimebadilishwa na mwanamke mwingine yumo ndani. Jukwaani pana mlango na mwanamke, basi. Wasichana wengi waliisema huku wanalia, na Bi Swaumu hakutaka machozi. "Kulia kila mtu anajua," aliwaambia. "Mimi sifundishi kulia."

Sasa, ndani ya kikundi hicho alikuwamo Kudra, na Kudra alikuwa kama mchanga ndani ya wali. Alikuwa binti wa Isihaka, mume wa Bi Swaumu, ila hakuzaliwa na Bi Swaumu. Mama yake alikuwa mke mdogo, msichana wa Murungu, upande wa Kibondo, aliyeitwa Odilia kabla ya kusilimu na kuitwa Yasmini. Miaka yote hiyo Bi Swaumu, mtu wa Ujiji, mwenye Kiswahili chake cha kunyooka, hakuwahi kumwita Yasmini. Alimwita Odilia, na alilivuta jina lile kama mtu anayeondoa nywele kwenye chakula.

Hakumpokea Kudra kwa kupenda. Isihaka alisimama mlangoni pa ghala, funguo zinaning'inia kidoleni, akasema, "Mtoto anataka kujifunza. Na ghala hili la nani?" Kisha akaenda zake. Kwa hiyo Kudra akaingia, akapewa kazi ya kushika pazia. Akapewa na kufagia. Akikosea salamu anaambiwa hana adabu, akisalimia vizuri anaambiwa anajipendekeza.

"Wee mtoto, unaimba Kiha," Bi Swaumu humwambia mbele ya wenzake. "Hapa tunasema, hatuimbi."

"Sawa, mama mkubwa."

"Hapa mimi ni mwalimu."

"Sawa, mwalimu."

Mashindano yalikuwa Kibondo, wakati wa Sabasaba. Hotuba ya mlangoni aliishika Aneth, msichana mrefu mwenye sauti nzito. Lakini baridi ya mwezi wa sita haina huruma huku juu. Aneth alipatwa na mafua, sauti ikakauka kabisa, akabaki anapumua kama kuku mwenye kideri. Kikundi kikakosa mtu.

"Naiweza mimi," Kudra akasema kutoka kwenye pazia.

Vijana wakaguna. Bi Swaumu akacheka. "Haya, njoo utuchekeshe."

Kudra alisimama mbele ya harage lake. Hakuanza mara moja. Alikohoa kidogo mara mbili, akaivuta ncha ya kanga toka begani, akaibana kwapani, akaukunjua mkono wa kulia kama anayepima ubora wa kitambaa. Ndipo akasema:

"Nyumba hii nimeijenga kwa kichwa changu. Maji ya kukandia udongo wake niliyabeba mimi, na mimba tumboni. Leo nabisha hodi kama mgeni." Akacheka kidogo, puani, kicheko kikavu. "Hee. Mgeni. Na wewe uliyelala ndani, lala. Godoro nililishona mwenyewe, najua lilivyo laini."

Mashine ya jirani ilikuwa imezimwa, wala haikuhitajika. Mwanzoni vijana walicheka. Halafu mmoja mmoja akanyamaza, macho yakahama kutoka kwa Kudra kwenda kwa mwalimu, kisha yakarudi. Kikohozi kile waliishi nacho. Kanga ile ya kwapani waliiona kila siku. Kicheko kile kiliwahi kumshukia kila mmoja wao.

"Yallah!" Brighton akaropoka. "Bi Swaumu mtupu!"

Bi Swaumu aliutupa mwiko, ukagonga bati. "Tokeni! Wote! Wewe baki."

Walipobaki wawili, alimsogelea mpaka pumzi zao zikagusana.

"Nani kakufundisha kunikejeli?"

"Sikukejeli. Ukuta wetu ni mmoja, mama mkubwa. Ukiosha vyombo unasema. Ukianika nguo unasema. Baba akivuka uani kuja kwetu, ndipo unasema hasa." Kudra hakuinamisha macho, ingawa alilelewa na mama wa Kiha aliyemfundisha kuinama hata kwa wauza karanga. "Kwetu mama hajibu. Anafunga mlango. Mimi nimekua na sauti moja tu masikioni, nayo ni yako."

"Huisemi hotuba hiyo Kibondo."

"Basi nani ataisema? Brighton avae gauni?"

Bi Swaumu aliinama, akauokota mwiko wake. Kwa miaka yote aliamini kuwa maneno yake uani yalikuwa siri yake na ya yule aliyekusudiwa. Mjini yeye ni mwalimu, mke mkubwa wa mfanyabiashara, mtulivu, anayekaa mbele kwenye shughuli za watu. Leo angepelekwa jukwaani, wilaya nyingine, watu wamuone alivyo akiwa peke yake na sufuria.

Jioni ile alivuka ua. Yasmini alikuwa kibarazani, anachambua samaki wakavu, migebuka, kwenye ungo.

"Odilia. Mkataze mwanao."

"Mwidiwe nawe, dada," Yasmini akamsalimia kwa Kiha bila kunyanyua uso. "Nimkataze nini?"

Alipoelezwa, mikono ikasimama juu ya ungo. Hasira ikampanda, lakini haikuwa ile Bi Swaumu aliyoitegemea.

"Kwa hiyo mwanangu atasimama Kibondo mbele ya ndugu zangu, anitukane mimi kwa mdomo wako? Si ndiye mimi huyo aliyelala ndani?" Akacheka kwa uchungu. "Umenitukana uani miaka yote, haikukutosha. Sasa umemtafuta mtoto wangu mwenyewe akusaidie."

"Sikumtafuta! Kaja na funguo za baba yake!"

"Mmoja kati yetu amzuie."

"Mzuie wewe, ni wako."

"Kwenye ghala ni wako."

Wakaachana hivyo. Lakini kumwondoa Kudra maana yake kikundi kisiende kabisa, na Bi Swaumu alikwisha kumtambia kila mtu sokoni. Akaona njia nyingine: aiseme, lakini asiiseme kama yeye. Akamkataza kukohoa. Akamkataza kanga, avae gauni. Akamkataza kicheko. Akamwambia aweke mikono ubavuni, aseme taratibu, kama mtu mwenye heshima zake.

Kudra alitii kila kitu, na hotuba ikafa. Maneno yalitoka safi, miisho yote inasikika, hakuna kilichomezwa, na hakuna aliyejali. Wakati anasema, Brighton alikuwa anachokoa kucha. Hata Aneth, na mafua yake, alisinzia juu ya gunia. Bi Swaumu aliisikia maiti ile kila siku, akasema "vizuri", na kila mtu alijua anadanganya.

Siku ikafika. Isihaka aliwapakia kwenye kenta yake, vijana nyuma juu ya maturubai, wake zake wawili mbele pamoja naye. Kutoka Kasulu hadi Kibondo hakuna aliyemsemesha mwenziwe. Yasmini alitazama migomba upande wake, Bi Swaumu upande wake, na Isihaka katikati ya kimya kile aliwasha redio, ikazimwa na mkono ambao hakuuona ni wa nani.

Ukumbi ulijaa. Ndugu wa Yasmini walitoka Murungu na vitenge vyao vya shughuli, wakamzunguka dada yao. Isihaka alikaa mstari wa mbele na wafanyabiashara wenzake, kofia nyeupe, kanzu imepigwa pasi. Kikundi cha Kibondo kilitangulia na hotuba ya mfalme, na kijana wao aliisema vizuri mno, mkuki ukamtetemeka mkononi.

Nyuma ya pazia Kudra alisimama na gauni lake, mikono ubavuni, amekauka kama gogo. Bi Swaumu alimtazama. Akaisikia tayari ile hotuba iliyokufa, na makofi ya huruma yatakayoifuata, na watu watakaosema kumbe hiki ndicho anachofundisha.

"Njoo hapa," akasema kwa ukali.

Akaivua kanga yake mwenyewe begani, akamfunga Kudra, akaibana ncha kwapani kwa nguvu mpaka mtoto akaguna.

"Hukuwa unaifunga hivi. Ulikuwa unaifunga kama mtu wa Murungu. Na kile kicheko, hakianzii puani. Kinaanzia hapa." Akamgonga chini ya kifua kwa vidole viwili. "Puani kinaishia tu. Kama umeamua kuniiba, niibe vizuri."

"Sikukuiba," Kudra akasema. "Ulikuwa unanitupia."

Bi Swaumu alimsukuma jukwaani.

Mlango ulikuwa fremu tu, imesimamishwa na Brighton. Kudra akakohoa mara mbili. Kutoka pembeni Bi Swaumu aliona waliotoka Kasulu wakigeukiana, mmoja akiziba mdomo kwa leso. Akasubiri kicheko, akakaza miguu kama mtu anayesubiri kofi. Aliona pia Yasmini, amejikunyata katikati ya ndugu zake, anasubiri kofi hilohilo.

"Nyumba hii nimeijenga kwa kichwa changu," Kudra akasema.

Na hakuusemesha mlango. Aliupa mgongo. Macho yake yalipita vichwani mwa watu, yakatafuta, kama alivyofundishwa, mtu mmoja. Hayakusimama kwa Yasmini. Hayakurudi pembeni kwa Bi Swaumu. Yalitua mstari wa mbele, kwenye kofia nyeupe, yakabaki pale.

"Leo nabisha hodi kama mgeni. Hee. Mgeni." Kicheko kilianzia pale pale kilipopaswa kuanzia. "Na wewe uliyelala ndani, lala..."

Maneno yalikuwa yaleyale, neno kwa neno, lakini sasa aliyelala alikuwa mwingine. Ukumbi ukafuata macho ya mtoto. Wafanyabiashara wakaanza kusogeza magoti mbali na mwenzao. Isihaka alishusha kofia, akaipandisha, akaishusha tena. Ndugu wa Murungu walianza kunong'ona, na Yasmini, polepole, akanyoosha mgongo.

Hotuba inaishia kwa maneno mawili kila mtu anayajua: fungua, uniangalie. Kudra alisema, "Fungua." Akangoja. Akaacha hapo, akatoka.

Walishika nafasi ya pili. Mfalme alishinda.

Nje, Isihaka alikuwa kwenye usukani, injini inawaka. "Mmenivua nguo mbele ya watu," akasema, akiwatazama wake zake kwa zamu, hajui ampige yupi kwa macho. "Nani kamtuma mtoto? Wewe? Au wewe?"

Yasmini alipita mlango wa mbele, akakanyaga tairi, akapanda nyuma kwenye maturubai pamoja na vijana. Bi Swaumu alisimama kidogo, akaupima urefu wa tairi na umri wa magoti yake. Kisha naye akapanda, akakaa upande wa pili, mbali na mke mwenziwe, hawakutazamana. Mbele pakabaki dereva peke yake.

Kenta ikaondoka. Upepo ulikuwa wa baridi na kanga yake bado ilikuwa mwilini mwa Kudra.

"Neno la mwisho umelimeza," Bi Swaumu akasema.

"Sikulimeza."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Uniangalie, iko wapi?"

Kudra aliivua kanga, akaikunja, akamtupia mapajani. "Ningemwambia nani? Baba alikuwa ameinamisha kichwa."