Kiungo Kisichokuwemo kwenye Fomu

Saa mbili na robo asubuhi fundi wa eksirei alipangusa mashine kwa spiriti, akatundika koti lake kwenye msumari na kumfungulia mlango mgonjwa wa kwanza. Hospitali nzima ilimwita Usipumue. Ni neno alilolisema mara arobaini kwa siku kwa miaka ishirini na minane, na hakuna aliyeona haja ya kumtafutia jina jingine. Hata mkewe akipiga simu kazini huomba kuzungumza na Usipumue.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mmoja anayepiga pasi katika hoteli kubwa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amesimama mbele ya mashine ya mvuke akinyoosha shuka za watu wanaoamka saa nne asubuhi. Sasa alikuwa na maumivu, na msimamizi wake alikuwa amemwambia alete barua ya hospitali inayosema ni mgonjwa, apumzike mwezi mmoja kisha apewe kazi ya kukaa. Bila barua, arudi kwenye mvuke au asirudi kabisa. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuja kupigwa picha, na mara zote mbili za kwanza picha zilisema hana kitu.

"Unaumwa wapi hasa, dada?" Usipumue alimuuliza.

"Palepale. Nyuma ya ini, kabla hujafika mgongoni. Kwetu mahali hapo pana kiungo, na kina jina."

Akalitaja. Lilikuwa neno fupi la lugha ya kwao, na Usipumue alilijua, maana mama mkwe wake ni mtu wa huko. Ndicho kiungo ambamo watu wa lugha hiyo huhifadhi maneno waliyoyameza. Kinaweza kujaa, kinaweza kuchacha, na kikizidiwa hupata ufa. Mama mkwe alikuwa akijisifu kwamba cha kwake ni kipya kabisa kwa sababu hajawahi kumeza neno, jambo ambalo Usipumue angeweza kulitolea ushahidi mahakamani.

Alimsimamisha yule mama, akapima umbali, akaingia nyuma ya ukuta wake wa risasi unaozuia miale. Siku zote huwaamuru wagonjwa kwa lugha ya ofisi. Safari hii, kwa heshima tu, alisema "usipumue" kwa lugha ya mama huyo. Ilikuwa mojawapo ya amri chache alizozijua vizuri, kwani mama mkwe humfokea kwa amri hiyo kupitia ukutani kila Usipumue anapokoroma.

Picha ilipotoka, kiungo kilikuwapo. Kilikuwa na ukubwa wa ngumi, kimekaa nyuma ya ini kama mpangaji asiyetaka kukutana na mwenye nyumba, na ufa umekipitia toka juu hadi chini. Usipumue aliandika tarehe kwenye kona ya picha. Akapiga nyingine kwa lugha ya ofisi: hakikuwapo. Akarudia kwa lugha ya mama: kipo, na ufa wake. Mashine ilikuwa nzima, kwa hiyo hakumwita fundi wa mashine.

"Ndicho hicho," yule mama alisema, akiegemea karibu na taa ya kutazamia picha. "Sikujua kimepasuka kiasi hicho."

Kabla ya saa ya chai habari zilikuwa zimefika jikoni. Mfagiaji wa wodi ya wanaume, ambaye kwa lugha ya bibi yake binadamu ana mioyo miwili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa wageni, alipigwa picha na yote miwili ikaonekana, ule wa wageni ukiwa umechakaa zaidi. Mhasibu naye alikuja. Kwa lugha ya mama yake aibu hukaa chini ya sikio, punje ndogo kama mtama. Walitafuta kwa lenzi pande zote mbili za shingo wakakosa, na mhasibu akaondoka akisema picha imepigwa vibaya. Usipumue alijipiga picha mwenyewe kwa lugha aliyozaliwa nayo, akaukuta moyo tu. Watu wa kwao kila kitu wameutwisha moyo: kupenda, kuchukia, kujitolea, kuchoka, hata uchoyo. Ulikuwa umevimba kwa kazi. Kwa lugha ya ofisi, wote watatu walikuwa na viungo vilevile vilivyoorodheshwa kwenye fomu, wala hapakuwa na njia ya kumtofautisha mhasibu na mfagiaji.

Daktari mkuu alishuka mwenyewe. Alikuwa mtu wa kwao yule mama, tena wa kijiji cha jirani, ingawa kwa miaka ishirini alikuwa akiwaambia watu kwao ni mjini.

"Kiungo hicho hakimo kwenye fomu," alisema.

"Lakini kwenye picha kimo, daktari," Usipumue alijibu. "Simama na wewe tuone."

Daktari alisimama ili kumaliza ubishi. Usipumue akatoa amri kwa lugha ile, na daktari, bila kufikiri, akabana pumzi. Cha kwake kilitoka safi, laini, kinang'aa, kama kitu kilichonunuliwa na hakijatolewa kwenye nailoni. Alikitazama muda mrefu, na uso wake ukalainika.

"Kumbe ninacho."

"Unacho, daktari. Hakijatumika tu."

"Sawa. Lakini mwenye ufa ni mtu mmoja. Mtu mmoja si ushahidi. Niletee wengine, kisha nitaandika."

Yule mama alikwenda. Saa ya chakula cha mchana alirudi na wenzake wanane, wamevaa sare, shingo zao bado zina unyevu wa mvuke. Wote walikuwa wa kwao. Hoteli ilipenda kuajiri watu wa huko, kwa kuwa wanasifika kwa kutojibu wakisemwa. Usipumue hakula siku hiyo. Aliwapiga picha mmoja baada ya mwingine, akabandika zote tisa kwenye taa, na nyufa zilikuwa tisa, zote zikianzia mahali pamoja. Alipoziona zimejipanga hivyo alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Safari hii barua itaandikwa, alijisemea.

Daktari alipita mbele ya picha, mikono nyuma.

"Wote tisa?"

"Wote, daktari."

"Vilevile?"

"Vilevile kabisa."

"Basi hiyo ndiyo kawaida yao," daktari alisema. "Kitu walicho nacho watu wote hakiitwi ugonjwa. Waandikie wazima."

"Na cha kwako kisicho na ufa?"

Daktari alirudi kutazama picha yake. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana na wasiwasi.

"Kweli," alisema. "Mimi ndiye niliye tofauti."

Akaketi hapohapo, akajiandikia mapumziko ya mwezi mmoja, kwa tahadhari, na akaomba picha yake iwekwe kwenye bahasha nzuri.

Usipumue alikuwa na kalamu mkononi na fomu tisa mezani. Angeweza kuandika alichokiona. Nafasi ya maelezo ilikuwapo, mistari miwili mizima. Alibakiza miaka miwili astaafu. Aliandika "mzima" mara tisa, na ya mwisho aliiandika vibaya kuliko zote. Aliona haya, haya ya kweli, na hakuthubutu kuinua uso.

"Tisa zote?" yule mama aliuliza.

"Tisa zote, dada."

"Haya." Akatazama saa ya ukutani. "Zamu ya mchana inaanza saa nane."

Wanawake wakachukua fomu hizo, ndizo barua zao za kupeleka hotelini. Neno wakalimeza. Kila mmoja alikunja ya kwake mara nne, pembe juu ya pembe, na kila mkunjo akaunyoosha kwa kiganja mpaka ukalala, kisha wakatoka kwa mstari, wakitembea haraka wasije wakachelewa.